Mwangwi uliokataa kufa: kisa cha mpiga gitaa aliyeitafuta huzuni kwa kuongeza tabaka

Kuhusu kisa hiki

Mhusika nitamwita Z. Jina lake, mahali anapoishi na majina ya vipande vyake vimeondolewa kwa makubaliano yetu. Vilivyobaki ni vipimo, maamuzi na jinsi mambo yalivyofuatana, maana humo ndimo mtu mwenye gitaa, kompyuta na chumba kimoja atakapojiona. Mimi niliingia kama fundi wa kumiksi, yaani wa kusawazisha na kuunganisha sauti zilizorekodiwa, albamu ikiwa tayari imerekodiwa.

Usuli

Z. hupiga gitaa la umeme peke yake, bila ngoma wala mwimbaji. Mchana ana kazi nyingine; muziki ni wa usiku, hedifoni zikiwa masikioni ili waliolala wasiamshwe. Mtindo wake ni ambienti yenye majonzi: noti chache za polepole zilizozungukwa na mwangwi mrefu, na chini yake sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) inayovuma noti moja kwa dakika kadhaa.

Gitaa lilipita kwanza kwenye pedali ya kupandisha sauti kwa mguu. Hiyo ndiyo siri ya mlio wake: anagonga uzi pedali ikiwa chini, kisha anaipandisha, noti inaingia bila ule mgongano wa kucha na waya. Kutoka hapo ilikwenda kwenye pedali ya dilei inayorudia noti baada ya kitambo, pedali ya mwangwi, lupa (kifaa kinachorekodi kipande na kukizungusha tena na tena), kisha kompyuta. Alirekodi kile kilichotoka mwisho wa mnyororo, kikiwa stereo, na madoido yote yameshaganda ndani ya faili. Nakala kavu ya gitaa haikuwepo hata moja.

Albamu ilikuwa na vipande tisa, kila kimoja kina tabaka kati ya 20 na 30. Vipande saba vilikuwa kwenye ufunguo wa A maina, mpangilio wa noti unaohusishwa na huzuni. Alichonilalamikia kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitibu: "Fundi, kila tabaka nikilisikiliza peke yake nataka kulia. Nikiyaweka pamoja, nasinzia."

Lalamiko la pili lilitoka kwa mdogo wake, ambaye Z. alimtumia kipande cha tatu. Huyo alikifungulia kwenye spika ya simu, akaandika: "Kaka, si ulisema humu mna gitaa?" Z. alidhani ni utani.

Mambo yalivyokwenda

Nilianza na huo "utani" kwa sababu ulikuwa na jibu la haraka. Niliibana miksi yote iwe mono, yaani kushoto na kulia vijumlishwe kuwa sauti moja, na gitaa linalobeba wimbo likatoweka kabisa. Z. alikuwa amelipanua kwa mbinu aliyoiokota mahali: kunakili treki, kuiweka nakala kulia na ya asili kushoto, kisha kugeuza wimbi la nakala juu chini. Kwenye hedifoni sauti inakaa pana mno, kama imetoka nje ya kichwa. Kwenye spika moja, mawimbi mawili yaliyogeuziana yanajumlishwa na jibu ni sifuri. Mdogo wake alikuwa amesikia kilichokuwepo.

Magitaa mengine yalipanuliwa kwa kuchelewesha upande mmoja milisekunde 10. Hilo halifuti sauti yote, linaichonga mashimo. Ukiibana mono, nusu ya mzunguko wa wimbi la Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ni milisekunde 10 kamili, basi hapo sauti inajifuta, na inajifuta tena kwenye Hz 150, 250, 350 na kuendelea. Gitaa linabaki, ila linasikika jembamba, lina pua.

Hayo yalikuwa ya kurekebisha kwa siku moja. Usingizi ndio ulikuwa tatizo lenyewe.

Tulichukua kipande cha pili, ambacho muundo wake ulikuwa mwepesi: kodi nne za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kila moja ikikaa sekunde 4. Pedali ya mwangwi ilikuwa imewekwa kwenye sekunde 20. Kipimo hicho maana yake ni muda ambao mwangwi unachukua kushuka desibeli 60, yaani desibeli 3 kwa kila sekunde. Kodi inapobadilika baada ya sekunde 4, ile iliyopita imeshuka desibeli 12 tu. Iliyotangulia hiyo iko desibeli 24 chini, na ya kabla yake 36. Kwa hiyo wakati wowote ule msikilizaji alikuwa anasikia kodi tatu au nne kwa pamoja, na hapo bado hatujaongeza plagini ya mwangwi, programu ya ndani ya kompyuta, ambayo Z. aliiweka juu ya mwangwi wa pedali, wala kompresa ya mwisho iliyokuwa ikinyanyua kila kilichokuwa kinajaribu kushuka.

Tazama kinachotokea kodi ya A maina inapoiachia F. Ya kwanza ina A, C na E. Ya pili ina F, A na C. Noti mbili ni zilezile, lakini E iliyobaki kwenye mkia wa mwangwi inakutana na F iliyopigwa sasa hivi. Juu kwenye nyuzi nyembamba, mkutano huo ni mtamu, na ndio uliomfanya Z. aipende hiyo kodi. Chini ni balaa. Uzi mnene wa sita ukiachwa wazi unatoa E ya Hz 82 hivi. F ya kidole kwenye nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa ni Hz 87. Tofauti yake ni kama Hz 5, kwa hiyo sikio halisikii noti mbili, linasikia tetemeko la mara tano kwa sekunde. Zidisha kwa magitaa sita, ongeza sinthesaiza inayovuma A ya Hz 55 bila kupumua, na unapata ukungu ambao hakuna ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu) itakayoutoa.

Nilimwomba apige kodi zilezile mbele yangu, gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja, bila pedali yoyote. Alisita, akapiga. Kodi ya F ilififia, ikawa kimya kwa kitambo, halafu akagonga inayofuata. Huzuni yote aliyokuwa anaitafuta kwenye tabaka 30 ilikuwa pale, kwenye ule ufifio.

Hapo ndipo msimamo wangu kuhusu kisa hiki ulipokaa sawa, na sijaubadili: katika muziki wa aina hii, majonzi yanatokana na sauti inayokufa masikioni mwa msikilizaji. Anayetegemea ukubwa wa mwangwi anachelewesha kifo hicho, na akizidisha anakizuia. Sauti isiyokufa haiombolezwi. Inakuwa pazia, na mbele ya pazia watu husinzia.

Maamuzi, na kwa nini

*Kurekodi upya magitaa yanayobeba wimbo.* Mwangwi ulioganda ndani ya faili hautoki. Kuna programu zinazojaribu kuukausha, tukazijaribu kwenye kipande kimoja. Mkia ulipungua kweli, lakini noti zikabaki na mlio wa maji. Z. akakubali kurudia magitaa makuu ya vipande sita, safari hii kupitia kisanduku cha DI, kinachopeleka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta, chenye njia mbili: moja inaingia kompyuta ikiwa kavu, nyingine inapita kwenye pedali kama kawaida ili asikie anachokizoea anapopiga. Hilo la pili si anasa. Mpiga gitaa wa mtindo huu hupiga akiujibu mwangwi. Mnyime, naye atapiga haraka na kwa woga.

*Mwangwi mmoja kwa wote.* Badala ya kila treki na chumba chake, tulitengeneza njia moja ya mwangwi, kila gitaa likapelekwa humo kwa kiasi chake. Muda tuliushusha hadi sekunde 8. Sasa kodi iliyopita ilikuwa desibeli 30 chini pale mpya inapoingia: unaikumbuka, haikusumbui. Tulikata besi ya mwangwi huo chini ya Hz 300, ile vita ya E na F isipate pa kupigania, na tukauchelewesha milisekunde 60 ili mwanzo wa noti usikike kabla ya chumba.

*Mvumo ujifunze kunyamaza.* Z. alipinga hapa kwa nguvu. "Ukitoa huo mvumo umetoa roho yake." Hatukuutoa. Tuliunyima nusu ya kwanza ya vipande vitatu, na kwingine tukauwekea kompresa inayosikiliza gitaa: uzi ukigongwa, mvumo unashuka desibeli 3 au 4, kisha unarudi taratibu kwa sekunde mbili. Msikilizaji hatambui kinachofanyika. Anachosikia ni kwamba chini kuna kitu kinapumua.

*Kuondoka A maina.* Vipande viwili alivishusha kwa kulegeza nyuzi zote toni moja. Kingine alikihamishia kwenye ufunguo wa meja, ule unaohusishwa na furaha, jambo lililomshangaza mwenyewe, kwa kuwa kilitoka na simanzi kuliko vyote. Meja ya polepole, wimbo ukiteremka ngazi kwa ngazi, una uchungu ambao maina haiufikii. Dhana kwamba huzuni ni maina tu ni ya watu wanaojifunza kodi kwenye chati.

*Kipande kirefu kisikatwe.* Cha tisa kilikuwa na lupu mbili, ya sekunde 23 na ya sekunde 29, zilizoachwa zizunguke kila moja kivyake. Mbinu hiyo ina historia. Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza wa ambienti, aliitumia na kanda za urefu tofauti kwenye albamu yake Music for Airports, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa kuwa 23 na 29 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, lupu hizo zinaanza pamoja na hazikutani tena mpaka sekunde 667 zipite, yaani dakika 11 na sekunde 7. Mshauri wa usambazaji alimwambia Z. akikate vipande vinne, na hoja yake haikuwa ya kijinga: Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30, na dakika 11 hazilipi zaidi ya dakika mbili. Aidha, tangu 2024 treki isiyofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 hailipwi chochote huko. Z. alikataa, kwa sababu kipande chenyewe ni safari ya lupu mbili kukutana tena. Ukikikata unabaki na lupu mbili zinazopishana bila sababu. Tukakubaliana kitoke kizima, na albamu iuzwe pia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako mnunuzi anaweza kulipia albamu yote na jukwaa huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali.

*Sauti isipandishwe kwa nguvu.* Z. alitaka masteringi, hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi, ya -9 LUFS, ilingane na nyimbo za dansi. (LUFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi.) Nilimkatalia. Spotify husawazisha kwenye -14 LUFS, kwa hiyo kilicho juu kinashushwa, na tungekuwa tumebana mikia ya mwangwi bure. Tulimaliza kwenye -18, vilele vikiwa -1.

Matokeo

Vipande saba kati ya tisa vilitoka. Cha tano kilitupwa. Kilipokuwa kavu kiligundulika hakina wimbo, kilikuwa mwangwi mtupu wenye jina. Cha nane kilisimama njiani, sababu nitaieleza.

Mdogo wake alipotumiwa tena kipande cha tatu kwenye simu ileile alijibu kwa kuuliza kama gitaa limenunuliwa jipya.

Onyesho la kwanza la jukwaani halikwenda vizuri. Z. alijaribu kuyaleta matabaka yote: lupa, kompyuta, sinthesaiza, pedali zote. Kwa sehemu kubwa ya muda alikuwa ameinama, mgongo kwa watu. Lupa ilifuata saa yake yenyewe na kompyuta yake, kila mzunguko zikaachana kidogo, mpaka kwenye kipande cha tatu mvumo ukabadilika kodi kabla ya gitaa. Ukumbi nao ulikuwa na mwangwi wake wa asili, ukajumlishwa na wa kwake. Aliikatisha shoo kabla ya wakati, kwa heshima, na watu wakapiga makofi ya kumfariji. Onyesho la pili alipanda na gitaa, lupa moja na mvumo mmoja uliorekodiwa kabla, pedali ya mwangwi ikiwa kwenye sekunde 3 na ukumbi ukifanya kazi iliyobaki. Hilo lilimalizika lote.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa zaidi ulikuwa ule wa nakala kavu, kuliko hata mwangwi mmoja. Mwenye nakala kavu anaweza kubadilisha mawazo. Aliyegandisha madoido anaweza tu kuongeza tabaka la kuficha lile lililomkera, na ndivyo Z. alivyofika 30. Wapo wanaosema kugandisha kunamlazimisha msanii kuamua, na kwa bendi inayorekodi kwa saa chache studioni nawaunga mkono. Mtu wa peke yake, usiku, bila wa kumwambia "basi", yuko katika hali nyingine.

Hedifoni nazo zina sehemu yake. Kwenye hedifoni sikio la kushoto halipati kabisa kinachochezwa kulia, kwa hiyo mawimbi yaliyogeuziana hayakutani hewani na kasoro haijitokezi. Mwenye kumiksi hivyo, na wengi hatuna budi, abonyeze mono kila anapopanua kitu. Haichukui hata sekunde tano. Upana ambao mono haiuui hupatikana kwa njia nyingine: kupiga sehemu ileile mara mbili kwa mkono, moja kushoto na nyingine kulia. Vidole havirudii kitu sawasawa, na tofauti hizo ndogo ndizo upana.

Kuhusu kilichoharibika. Kipande cha nane kilikaushwa kupita kiasi. Baada ya kuona faida ya usafi, Z. alisafisha kila kitu: mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi, mvumo wa pikapu za gitaa, pumzi yake kabla ya noti ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa sahihi na kimekufa kweli, si kwa ule ufifio tunaoutaka. Mkwaruzo wa kidole kikihama kutoka kodi moja kwenda nyingine unamwambia msikilizaji kwamba kuna mtu, na yuko karibu; mwangwi unamwambia mtu huyo yuko mbali. Vikiwepo vyote viwili ndipo upweke unasikika. Kwenye vipande vingine tuliirudisha mikwaruzo, tukaishusha tu desibeli chache. Kwenye cha nane nakala ya asili ilikuwa imefutwa, jambo ambalo halina tiba ila kupiga upya.

Uamuzi wa -18 LUFS ulikuwa nusu sahihi. Ni kweli kwamba Spotify inaweza kunyanyua treki iliyo chini ya -14, lakini inanyanyua kadiri nafasi iliyo juu ya vilele inavyoruhusu, na vilele vyetu vilikuwa vimeshafika -1. Nafasi haikuwepo. Ndani ya albamu hakuna tatizo, kila kipande kinalingana na mwenzake. Kikiingia kwenye orodha ya mtu katikati ya nyimbo nyingine, kinasikika kama kimetoka chumba cha jirani, na wasikilizaji kadhaa walisema hivyo. Vilele vyenyewe vilikuwa migongano michache ya kucha na nyuzi. Kuishusha desibeli 2 au 3 kwa mkono, mmoja mmoja, kungetupa -16 bila kugusa mkia hata mmoja.

Kile kipande kirefu ndicho kinachosikilizwa na wachache zaidi mtandaoni, kama mshauri alivyotabiri. Pia ndicho wanachokitaja walionunua albamu nzima. Sioni kwamba upande mmoja umeshinda hoja. Walikuwa wanazungumzia wasikilizaji wawili tofauti.

Onyesho la kwanza lilianguka kwa sababu ya kutaka jukwaa lifanane na rekodi. Kuunganisha lupa na kompyuta kwa saa ya MIDI, ishara ya pamoja inayolinganisha vifaa vya muziki, kungetibu kuachana, ila tiba hiyo inafaa muziki wenye mapigo. Vipande visivyo na mapigo havihitaji saa. Vinahitaji vitu vichache vinavyoweza kuachana bila kuudhi, kama zile lupu za 23 na 29.

Anayetaka pa kuanzia kwenye chumba chake mwenyewe, hesabu tuliyoishia nayo ni hii: pima sekunde zinazopita kati ya kodi na kodi, zidisha kwa mbili, weka mwangwi hapo. Kodi ya zamani itakuwa desibeli 30 chini mpya inapoingia. Ikiwa noti za chini hazibadiliki na kodi zinahama juu yake tu, unaweza kuongeza hadi mara tatu au nne bila tope. Ikiwa besi inahama nusu toni, kama kutoka E kwenda F, punguza, au mpe noti ya chini njia isiyopita kwenye mwangwi kabisa.